Ramani Ipime Watu, Si Ekari

Chukua ramani ya Kenya iliyotundikwa ukutani katika ofisi yoyote ya umma, uitafute Bomet. Utaikuta imejibana kati ya Kericho na Narok, ndogo kiasi kwamba jina lake limeandikwa kwa herufi za kukodolea macho. Kisha inua uso uitazame Turkana. Kwa ardhi, Turkana inaizidi Bomet karibu mara 27. Kwa watu, sensa ya 2019 ilihesabu 926,976 Turkana na 875,689 Bomet, yaani tofauti ya watu 51,287 tu. Turkana na Marsabit kwa pamoja zinachukua karibu robo ya ardhi ya nchi, ilhali wakazi wake hawafiki asilimia 3 ya Wakenya wote. Ramani ya ukutani haikumdanganya mtu. Iliulizwa habari za ardhi, ikajibu habari za ardhi. Anayekosea ni yule anayeitumia kueleza habari za watu.

Kwa habari za watu kuna katogramu. Hii ni ramani ambayo kila eneo hupanuliwa au kupunguzwa mpaka ukubwa wake ulingane na idadi fulani, iwe ya wakazi, wapiga kura, wanafunzi au kilo za majani ya chai. Kwenye katogramu ya wakazi wa Kenya, Bomet huvimba zaidi ya mara nne, nayo Turkana husinyaa hadi takriban sehemu moja kati ya sita ya ilivyokuwa.

Ushauri huu umeandikwa kwa ajili ya afisa wa kumbukumbu katika hospitali ya Longisa, mwalimu wa jiografia, karani wa chama cha ushirika, au kijana anayeandaa maoni ya wadi yake kabla ya kikao cha bajeti ya kaunti. Programu za kufanyia kazi hii hupatikana bure, na kompyuta ya kawaida huzimudu. Kubofya utajifunza kwa alasiri moja. Kinachotaka akili ni idadi unayoiingiza: ni hesabu ya kitu gani, na ni ya mahali gani? Ukiteleza hapo, programu haitakuonya. Itakuchorea uongo uliopimwa vizuri.

Idadi kwanza, programu baadaye

Katogramu hutaka jumla ya vitu vinavyohesabika: watu, kaya, ng'ombe, kilo, kura. Usiipe asilimia wala wastani. Wadi yenye kaya chache ambazo asilimia 80 zina maji ya mfereji itachorwa sawa na wadi yenye kaya tele zenye asilimia 80 hiyo hiyo, na msomaji atadhani wenye maji ni wengi sawasawa kote. Asilimia ina nafasi yake kwenye ramani hii, nayo ni rangi. Tutaifikia.

Swali la pili, lile la mahali, ndilo linalowaangusha wengi, na Longisa inalo mfano wake. Wadi ya Longisa, katika eneo bunge la Bomet Mashariki, ndiko iliko hospitali ya rufaa ya kaunti. Takwimu za wagonjwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, KHIS, huripotiwa kwa kituo kilichowahudumia. Ukizichukua hivyo zilivyo na kuzitia kwenye katogramu ya wadi 25 za Bomet, Longisa itafura na kuzikandamiza Kembu, Merigi, Chemaner na Kipreres, kana kwamba maradhi ya kaunti nzima yamezaliwa sokoni Longisa. Kumbe wagonjwa hao walisafiri kutoka wadi nyingine, na wengine walivuka mpaka kutoka Narok.

Je, ramani hiyo ni mbovu? Inategemea umeuliza nini. Kama unatetea nyongeza ya wauguzi, vitanda na dawa, hesabu kwa kituo ndiyo sahihi, kwa sababu inaonyesha mzigo wa kazi ulipo. Kama unauliza zahanati mpya ijengwe wapi, unahitaji hesabu kwa makazi ya mgonjwa, nayo utaitoa kwenye rejista za hospitali, si kwenye jumla ya kituo. Hizo ni ramani mbili tofauti, na vichwa vyake lazima viseme hivyo waziwazi: "wagonjwa kwa mahali walikotibiwa" na "wagonjwa kwa mahali wanakoishi".

Majani ya chai nayo husafiri. Viwanda vya wakulima wadogo, kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, hupokea majani kutoka vituo vingi vya kununulia, na mpaka wa wadi haumzuii mkulima wala lori. Ukihesabu kilo mahali kiwanda kiliposimama, wadi chache zitafura na nyingine zenye mashamba ya chai zitatoweka. Hesabu kwa kituo cha kununulia, au bora zaidi kwa shamba lenyewe. Hata ukifanya hivyo, tegemea kaunti ndogo ya Konoin ivimbe na upande wa Longisa upungue, maana Longisa si ngome ya chai kama Konoin. Ukitaka kuonyesha riziki ya watu wa Longisa, tafuta pia hesabu za mahindi na maziwa, usiwapime kwa chai peke yake.

Jambo jingine ni siri za watu. Hesabu ikishuka hadi mgonjwa mmoja au wawili katika wadi, majirani watamjua ni nani. Taarifa za afya zina ulinzi maalumu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jumlisha miaka kadhaa, au panda ngazi hadi kaunti ndogo, kabla ya kuchora.

Je, unaihitaji kweli?

Si kila jedwali linataka katogramu. Bomet ina kaunti ndogo tano, na kwa sensa ya 2019 hesabu zake ni hizi: Sotik 227,855, Bomet ya Kati 175,215, Chepalungu 164,837, Konoin 163,507, na Bomet Mashariki 144,275. Mtu akitazama grafu ya pau yenye pau tano ataelewa kwa sekunde moja kwamba Sotik inaongoza na Bomet Mashariki ni ya mwisho. Katogramu ya maeneo matano itamsumbua bure. Faida yake huanza kuonekana maeneo yanapokuwa mengi na ujirani wake una maana: wadi 25 za kaunti, kaunti 47 za nchi, maeneo bunge 290.

Kabla hujafungua programu, fanya hesabu moja kwenye karatasi. Gawanya msongamano wa watu wa eneo kwa msongamano wa nchi nzima. Mwaka 2019 Kenya ilikuwa na watu 82 kwa kila kilomita ya mraba. Bomet ilikuwa na 346, kwa hiyo itapanuka mara 4.2. Kericho, yenye 370, itapanuka mara 4.5. Narok, yenye 65, itapungua kidogo na kubaki karibu nne kwa tano ya ukubwa wake. Nairobi, yenye 6,247, itapanuka mara 76. Majibu yote yakikaribia 1, achana na katogramu, ramani ya kawaida inatosha. Mengine yakipita 50, jiandae kwa umbo lililopindapinda mpaka watu wasilitambue, na ufikirie aina nyingine nitakayoieleza mbele.

Mipaka na jedwali

Faili za mipaka ya kaunti na kaunti ndogo za Kenya zinapakuliwa bure kwenye hazina ya data za kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, HDX. Mipaka ya wadi ilichorwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Idadi ya watu utaipata katika majuzuu ya sensa ya taasisi ya taifa ya takwimu, KNBS. Kazi ni kuunganisha hivi viwili, na hapo ndipo majina hukupiga chenga. Faili moja limeandika Elgeyo-Marakwet kwa kistari, jingine Elgeyo/Marakwet kwa mkwaju. Tharaka-Nithi na Taita-Taveta zina matatizo hayo hayo, na kibainishi cha Murang'a hubadilika kutoka faili hadi faili. Programu haijui kuwa hayo ni majina ya mahali pamoja. Unganisha kwa namba rasmi za kaunti, kuanzia Mombasa 1 hadi Nairobi 47, ambapo Kericho ni 35 na Bomet ni 36. Ukimaliza, panga jedwali na uangalie kama kuna safumlalo iliyobaki tupu.

Pengo na sifuri si kitu kimoja. Sifuri ina maana hakuna hata kimoja, pengo lina maana hatujui. Programu nyingi hukwama kwenye pengo, na eneo la sifuri huporomoka likawa doa lisiloonekana. Jaza pengo kwa takwimu halali au uliondoe eneo hilo, kisha useme umefanya hivyo.

Maji nayo yaangalie. Baadhi ya faili huingiza sehemu ya Ziwa Victoria ndani ya Homa Bay, Siaya na Migori, na hesabu ya ardhi huharibika kabla hujaanza. Kata maji kwanza.

Halafu pima vipeo vya mistari, yaani nukta zinazouunda mpaka. Mpaka unaofuata mto huwa na vipeo maelfu vinavyochosha kompyuta, kwa hiyo upunguze kwa Mapshaper, ambayo hurahisisha mpaka wa majirani wawili kwa pamoja bila kuacha nyufa kati yao. Mpaka ulionyooka una shida ya kinyume. Sehemu kubwa ya mpaka wa Wajir na Garissa na Somalia imenyooka, na mstari mrefu wenye vipeo viwili tu hauwezi kupinda. Uongezee vipeo katikati, la sivyo maeneo yatapandana.

Mwisho ni projeksheni, yaani njia ya kuulaza uso wa dunia kwenye ramani bapa. Faili nyingi huja zikiwa na digrii za longitudo na latitudo, na digrii hazipimi eneo. Kwa Bomet peke yake tumia ukanda wa 36 kusini wa UTM, msimbo EPSG:32736. Kenya nzima imelala juu ya kanda mbili, 36 na 37, kwa hiyo chagua projeksheni inayohifadhi eneo, kama ile ya Albers ya Afrika, ESRI:102022.

Kuendesha hesabu

Kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchorea ramani, fungua orodha ya programu-jalizi, tafuta cartogram3 na uisakinishe. Itakuuliza mambo machache: tabaka la mipaka, safuwima yenye idadi, kiwango cha juu cha duru za hesabu, na wastani wa kosa unaoukubali. Anza na duru 10, utazame. Mbinu yake ilichapishwa mwaka 1985 na Dougenik, Chrisman na Niemeyer. Kila eneo lenye watu wengi kuliko nafasi yake husukuma mipaka ya jirani, na lenye watu wachache huvuta, kama abiria wa matatu wanaosogezana kila mmoja anapopanda. Duru moja haitoshi, kwa sababu anayesogea humsumbua mwingine. Maeneo yenye tofauti kubwa, kama Nairobi katikati ya Kiambu, Machakos na Kajiado, yanaweza kuhitaji duru 20 au 30.

ScapeToad ni programu nyingine ya bure. Inatumia mbinu ya Michael Gastner na Mark Newman ya mwaka 2004, inayowaacha watu wasambae kama kimiminika mpaka msongamano ulingane kila mahali, nayo mipaka hubebwa na mkondo huo. Maumbo yake kwa kawaida ni laini zaidi. Ina faida nyingine muhimu: unaweza kuiambia ibadilishe pia matabaka mengine, kama barabara ya Bomet kwenda Narok au vituo vya afya. Programu-jalizi ya QGIS hupindisha mipaka peke yake, na alama ya hospitali yako itabaki ilipokuwa, labda sasa iko ndani ya wadi jirani. Wanaojua lugha ya R wana kifurushi kiitwacho cartogram, ambacho kwa makusudi hukataa kufanya kazi kwenye data zenye digrii.

Tabaka jipya likitokea, lihakiki kwa namba. Ongeza safuwima mbili: asilimia ya watu wa kila eneo, na asilimia ya eneo lake jipya katika jumla mpya. Gawanya moja kwa nyingine. Sotik ina asilimia 26 ya watu wa Bomet, kwa hiyo wadi zake tano zikijumlishwa lazima zichukue karibu asilimia 26 ya ramani. Jibu likiwa kati ya 0.95 na 1.05, umefika. Likiwa 0.7, ongeza duru. Ukiongeza duru na umbo likaanza kujikunjakunja, simama, ukubali kosa dogo na uliandike chini ya ramani.

Kama umbo halikubaliki

Mwanajiografia Mwingereza Danny Dorling alieneza katika miaka ya 1990 aina isiyohangaika na maumbo. Kila eneo huwa duara lenye ukubwa wa idadi yake, na maduara husogezwa yasipandane huku yakibaki karibu na majirani zake. Kwa wadi 25 za Bomet, hii mara nyingi ndiyo rahisi kusomeka, maana duara ni rahisi kulinganisha kuliko umbo lililopinda. Kasoro yake ni kwamba mtu hapati tena umbo la kaunti analolijua.

Aina nyingine huacha kila eneo na umbo lake halisi, likipunguzwa mahali pake, na mapengo yakabaki kati ya majirani. Judy Olson aliieleza mwaka 1976. Itumie pale ambapo lazima watu watambue wadi yao kwa sura, na ujirani si hoja. Kifurushi cha R kina aina zote tatu, kwa hiyo zijaribu zote kwa data ile ile, uziweke kando kwa kando kabla hujachagua.

Kuipamba isomeke

Ukubwa umeshasema jambo moja, usiurudie kwa rangi. Kama ukubwa ni watu, rangi iwe kitu kingine, na hapa ndipo asilimia inapopata nafasi yake: asilimia ya kaya zenye maji ya mfereji, au ya watoto waliomaliza chanjo. Msomaji atapata mawili kwa mtazamo mmoja: tatizo ni kali kiasi gani, na linawagusa watu wangapi. Tumia rangi moja inayokolea hatua kwa hatua, madaraja manne au matano. Ramani nyingi za vijijini huishia kuchapishwa kwenye saiba bila rangi, na hapo nyekundu na kijani hugeuka kijivu kile kile.

Ondoa skeli ya kilomita na mshale wa dira. Umbali kwenye katogramu hauna maana, na skeli humfanya mtu aanze kupima. Badala yake, weka kwenye ufunguo mraba unaowakilisha idadi inayoeleweka. Gawanya jumla ya eneo la tabaka jipya kwa jumla ya watu, zidisha kwa 10,000. Kama Bomet imebakiza kilomita zake za mraba 2,531 hivi, kila watu 10,000 wanachukua kilomita za mraba 29, yaani mraba wenye upande wa kilomita 5.4. Uchore katika tabaka lilelile ili ukubwa wake ulingane na ramani, kisha uandike "watu 10,000". Usiandike kilomita.

Andika majina ya wadi zote zinazotosha. Zilizosinyaa zivutie mstari hadi nje ya ramani, kwa sababu mwenye wadi iliyopungua ndiye atakayeitafuta kwa bidii zaidi.

Mbele ya watu

Usipeleke katogramu peke yake barazani. Iweke kando ya ramani ya kawaida yenye rangi zile zile, na uanze na ile ya kawaida. Watu wakishajiona hapo, waonyeshe ya pili na uwaache watafute kilichobadilika.

Tegemea pia mtu wa wadi pana yenye watu wachache asimame na kusema kwamba gari la wagonjwa haliendi kwa idadi ya watu, huenda kwa kilomita. Ana hoja, na Kenya imeshabishana juu yake kitaifa. Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa miezi kuhusu mgao wa fedha kwa kaunti, wengine wakitetea idadi ya watu, wengine ukubwa wa ardhi. Mfumo uliopitishwa mwezi Septemba haukutupa kigezo hata kimoja: idadi ya watu ilipewa asilimia 18, na ardhi asilimia 8, kando ya vigezo vingine kama afya na umaskini. Mwambie mwenzako huyo kwamba ramani yako inajibu swali la watu, na la umbali lina ramani yake. Kama kikao kinahusu barabara, anza na hiyo ya umbali.

Kabla ya kuchapisha, mpe ramani mtu asiyejua kazi yako, umwondolee maelezo ya mdomo, umuulize swali moja: hapa, eneo kubwa lina nini kingi? Akijibu "ardhi", tatizo si lake. Kiandike upya kichwa cha ramani kwa sentensi nzima, kikitaja kilichohesabiwa, mwaka, chanzo, na kama hesabu ni ya mahali watu wanakoishi au walikohudumiwa. Kisha mpe mwingine, umuulize tena.